Mstari Nilioruka

Bibi Kalunde aliisoma tumbaku kwa dole gumba.
Alikaa mlangoni pa bani, kwetu Usoke,
jani baada ya jani likipita mkononi,
na kabla macho hayajasema, dole limeshatamka:
hili la chini, lina mchanga; hili la kati, weka kule;
hili limeungua. Ulilala, mjukuu, moto ukakushinda.

Usiku aliusoma moshi.
Kalala kitandani, ananusa, ananiita:
Ongeza gogo. Moja tu.

Mimi nilikuwa darasa la nne na nilijua kusoma.
Ba be bi bo bu nilikwisha kuyaacha nyuma.
Mkaguzi alipokuja nikasimama, nikasoma "usanisinuru",
herufi kumi na moja bila kujikwaa,
darasa zima likapiga makofi.
Maana yake hakuuliza mtu.
Nje ya dirisha majani yaliendelea kuifanya kazi hiyo, kimya.

Kwa hiyo barua ilipofika kutoka Mpanda
nilikabidhiwa mimi.
Mwandiko wa baba ulilala upande, mahindi yaliyopigwa na mvua.
Nikasoma salamu, nikasoma afya, nikasoma bei ya mchele,
nikafika mstari wa saba:
Nimeoa huku. Msinisubiri.
Nikauruka.
Nikatua kwenye "wasalimie wote", nikakunja karatasi.
Bibi akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga
pamoja na stakabadhi zake za tumbaku,
kila moja na dole lake la wino.

Msimu uliofuata karani wa chama alisema marobota kumi na moja.
Bibi akasema kumi na mawili.
Akamvuta hadi bani, akamwonyesha nguzo:
chale kumi na mbili, kila robota na chale yake,
ile ya nane imeingia ndani zaidi kwa kuwa robota lilikuwa zito.
Karani alicheka kwa adabu.
"Mama, hii ni nguzo."

Jumatatu akaenda kisomo.
Ghala lilelile la chama, saa kumi jioni,
ubao umeegemezwa kwenye mifuko ya mbolea,
mwalimu Nyanzobe, mjamzito, akibadilisha mguu wa kusimamia.
Penseli bibi aliishika kama kuku asiyeaminika.
K yake ilianguka. Akaiinua. Ikaangukia upande wa pili.
Jina lake lilimchukua tangu kitalu hadi kupandikiza.
Aliliandika majivuni, aliliandika vumbini,
akalichonga kwenye nguzo, juu ya zile chale.
Kisha akaanza kusoma yasiyomhusu:
mfuko wa chumvi, mlango wa zahanati,
kanga ya Bi Mwajuma, aliyemsimamisha njiani,
akamzunguka, akausoma mgongo mzima silabi kwa silabi,
akakuta ni tusi;
wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jioni moja natoka kuchota maji, nakuta kopo li wazi.
Barua iko magotini. Kidole kinatembea, kinasimama, kinarudi.
"Ni-me-o-a."
Ndoo ilikuwa bado kichwani. Maji yakanishukia shingoni.
"Hu-ku."
Nilitaka kusema nilikuwa mdogo.
Nilitaka kusema neno lilikuwa gumu.
Hakuinua macho.

"Huu nilishausoma," akasema.

"Lini, bibi?"

"Siku ileile. Kooni mwako.
Ulimeza mate mahali pasipo na nukta."

Akalamba ncha ya penseli, akaniomba karatasi,
nikachana ya daftari la hesabu,
akaandika kwa mistari inayopanda mlima:
Mihambo mwanangu. Mvua imenyesha. Mtoto wako anajua kusoma.
Akafikiri kidogo.
"'Vizuri' inaanza na nini?"
Nikamwambia.
Hakuliandika.