Kofia Tisa

Lori lilinigonga kwa muda wa chafya.
Tulikuwa njia ya Sinaw, dirisha liko wazi,
mimi natafuta ncha ya uzi iliyonipotea pajani.
Breki zikapiga ukelele mmoja
na kokoto zikaja kukaa nasi kiti cha mbele.
Mengine nilihadithiwa hospitali.

Hayo ndiyo yaliyokwenda haraka.

Kisha karatasi.
Wakili wangu, Mundhir, mtaratibu, mpenda karafuu mdomoni,
akaniambia: "Tusikimbie, Bi Shinuna,
mfupa haujasema neno lake la mwisho."
Ikabidi nyonga ingojwe ipone
ili ijulikane haitapona kiasi gani.
Jopo la madaktari likaipa asilimia kumi na nane.
Kampuni ya bima ikataka jopo jingine,
likaipa kumi na moja.
Nikauliza: hizo saba nimrudishie nani?
Ninazo bado. Nazipanda nazo ngazi.

Mimi hutarizi kofia, za mkono, za vitobo,
kila kitobo kimezungushiwa uzi kama jicho lililopakwa wanja.
Moja hunichukua miezi minne.
Basi kalenda niliiacha ukutani,
kesi nikaihesabu kwa vichwa vya watu.

Kofia ya kwanza iliisha, mashahidi hawajafika.
Ya pili, hakimu kahamishwa,
na mpya anaomba muda alisome faili
ambalo sasa lilikuwa nene kuliko mto wangu wa kulalia.
Ya tatu sikumbuki. Ilikuwa Ramadhani, kisha joto,
kisha mtaalamu wa breki alikuwa safarini.

Karani wa Ibra ana maneno matamu:
"Haraka haraka haina baraka, mama."
Nikamwambia, na polepole, mwanangu,
baraka yake inatolewa dirisha lipi?
Akacheka. Akanigongea muhuri. Tarehe nyingine.

Na dereva naye yupo. Sherzada, mtu wa Swat,
pasi yake imelala kabatini mwao mpaka kesi iishe.
Nilimchukia kwa kofia mbili na nusu.
Kila kikao huniuliza kwa Kiarabu chake cha barabarani:
"Mguu?"
Namjibu: "Upo."
Hunionyesha binti yake kwenye simu.
Mara ya kwanza alikuwa kifurushi.
Mara nyingine ana meno mawili.
Juzi amepanda mbuzi, anacheka,
anamwita mjomba wake baba.
Sherzada akaizima simu, akaenda kuniletea chai.

Majirani wananishauri: pokea wanachokupa, yaishe.
Kila mwaka wanachonipa kinapungua
na kila mwaka mimi nakihitaji zaidi.
Nadhani hilo wamelipiga hesabu,
wana watu wa kulipiga hesabu,
wamekaa penye ubaridi.

Jana, kofia ya tisa imo mfukoni imebaki ukingo tu,
akaingia wakili wa bima, kijana, ananukia udi,
na kichwani mwake nikaiona ile ya pili.
Yangu. Siwezi kukosea:
ua la kushoto lina mshono nilioukaza mno
siku ile waliposema hakimu kahamishwa.
Kainunua Soko la Jumatano, bila shaka, na hakupunguziwa.
Akasimama chini ya mikono yangu
akasema: "Tunaomba muda."
Akapewa. Mpaka baada ya Idi.

Sikuhuzunika, niseme kweli. Niliitazama kofia.
Ilikuwa imeshapauka,
vitobo vya utosini vimeanza kuachia,
kuna mtu anaifua kwa maji ya moto.
Imezaliwa, imeuzwa, imevaliwa, inazeeka,
na mimi bado naitwa "mdai."

Nje, Sherzada alinishikia mlango.
Nikamwambia akae. Akakaa.
Nikakata uzi, nikamzungushia kichwani, nikafunga fundo pale ulipokutana.
"Itaisha lini?" akauliza.
Nikamwambia: kofia, naijua.