Hesabu ya Wati

Alteneta ya pikipiki yetu, asema Desmond,
hutoa wati mia mbili na themanini, basi,
haiongezi hata ukiibembeleza.
Anaziandika kwa chaki sakafuni mwa gereji,
hapa Ceduna, Julai, bati likilia kwa baridi:
injini na pampu yake, mia na ishirini;
taa kubwa, hamsini na tano;
taa ya nyuma, saa, vikorokoro, ishirini na tano.
Kisha chaki inasita hewani.
Fulana yangu ya umeme. Arobaini na tano.

Hakuniangalia. Nami nikajitia
kuchambua boliti kwenye kopo la biskuti.

Tangu yule kangaruu wa mwaka jana, karibu na Penong,
aliyechomoka gizani kama aliyeitwa jina,
Desmond halali bila kusoma habari za taa.
Ubavu wa pikipiki umechubuka
mfano wa ramani ya nchi isiyokuwepo.
Mkono wangu wa kushoto hutabiri mvua kuliko redio.

Katalogi zimelala mezani, kati ya chumvi na siagi.
"Hii mwanga wake ni mkuki," ananieleza,
"mwembamba, unafika mbali.
Hii hutawanya, hupaka kingo zote mbili za barabara,
na kangaruu haji kutoka mbele, Noeleen,
huja kutoka pembeni."
Hii nyeupe kama maziwa ya unga.
Hii ya kaharabu, vumbi haliirudishi usoni.
Nikamwuliza ipi nzuri.
Akasema nzuri ni ile inayokula wati themanini.

Kimya kikaja, kikavuta kiti.

Ijumaa kifurushi kikafika kutoka Adelaide.
Nilikifungua mimi. Taa mbili,
kila moja ngumi ya mtoto,
za kaharabu, za kutawanya,
wati kumi na tano, na kumi na tano.
Nikaenda kuitazama sakafu. Chaki haijafutwa.
Arobaini na tano yangu
imezungushiwa duara mara mbili.

Hatukulizungumza. Tulifanya kazi.
Nilishika tochi, halafu nikashika kila kitu:
waya mwekundu chini ya tangi, mbali na shingo ya usukani
usije ukabanwa kila tukikata kona;
relei chini ya kiti;
fyuzi karibu na betri, karibu kabisa,
"moto huanzia hapo";
mpira mweusi tukaupasha kwa kiberiti cha gesi
ukajikunyata juu ya kiungo
kama ngozi ya kidole kilichokaa majini.
Alikosea mara moja tu. Waya wa ethi
aliufunga juu ya rangi, si juu ya chuma,
taa zikagoma.
Alitukana dakika nzima.
Nikaikwangua ile rangi kwa kisu cha mboga.

Jioni tukazielekeza ukutani.
Tepu ya bluu, msalaba, mita nane,
na mimi nimekaa kiti cha nyuma na uzito wangu wote,
maana bila mimi taa zingesema uongo.
"Umenenepa," akasema, akikaza nati robo mzunguko.
"Ni fulana," nikasema.

Saa mbili usiku, magharibi mwa mji.
Lori la matrela matatu likaja;
Desmond akazizima kwa kidole gumba,
dereva akashukuru kwa kupepesa mara moja
akatuachia vumbi lake na harufu ya kondoo.
Akaziwasha tena. Kingo za barabara
zikarudi, rangi ya chai kavu.
Nyasi. Chupa. Kibao kilichotobolewa na risasi.
Kisha jicho moja, jekundu, chini,
bila mwili bado.

Nikamgonga bega. Alikuwa ameshapunguza mwendo.
Joto lilikuwa limenipanda hadi shingoni.
Jicho likageuka, yakawa mawili.