Alama Kumi na Nane

Asubuhi Mwalimu Twalib alirudisha karatasi.
Yangu ilikuwa ya juu kabisa, kwa wino mwekundu: kumi na nane kwa ishirini.
Jadili mgogoro baina ya dhamiri ya mtu na jamii yake.
Nilikuwa nimejadili. Kurasa tano, mbele na nyuma,
habari za yule bwana wa kitabuni aliyeambiwa na mji mzima
sema ndiyo, akasema siyo,
wakamfungia milango, wakamzibia kisima.
Nilimalizia: Jamii yapaswa kumshukuru mtu wa aina hii.
Mwalimu akapiga mstari chini yake. Kando akaandika: Naam.

Alasiri wakaja kunichukua nyumbani,
kwa kuwa nina hati nzuri.

Mkufu wa Bi Somoe ulikuwa umepotea,
ule wa harusi, wa nyuzi tatu,
na Komora alikuwa amepita na punda wake, shehena ya mawe,
akaomba maji dakani.
Basi. Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo: punda, mawe, kata ya maji,
na kwamba kwao ni bara.
Sabuleni kwa Bwana Famau watu wamejaa,
viatu vimelundikana hadi njiani.
Nikaandika nilivyoambiwa:
Sisi wakazi wa Mkomani, kwa moyo mmoja.
"Kwa moyo mmoja," mtu akarudia, ikamkaa vizuri mdomoni. "Tia hiyo."
Nikaitia.

Ila barua ilitaka shahidi.
Mwanamkuu binti Shee, mshona kofia,
dirisha lake latazama daka lile.
Akaja na kofia mkononi, bado haijesha,
sindano inaning'inia kwenye uzi wake.
"Ulimuona."
"Nilimuona akinywa maji."
"Na kisha?"
"Kisha akarudisha kata."
"Mwanamkuu, sote hapa twajua ni yeye."
"Basi mimi wa nini?"

Kicheko kilitaka kutoka mahali, kikarudi.
Mtu akamkumbusha nani alilipa dawa za mumewe.
Mtu akamkumbusha ana binti wawili, hawajaposwa.
Bi Somoe akalia, na kilio kilikuwa cha kweli;
mkufu ule ulikuwa wa mamake.
Mwanamkuu akamshika mkono.
"Naumia nawe," akasema. "Ila mato yangu hayakuona,
na siwezi kuyatuma yakaone jana."

Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake.
Nilimtambua. Wallahi nilimtambua:
alikuwa ametoka ukurasa wa tatu wa karatasi yangu,
amevaa ndara, kidole kimetobokatoboka.
Nikainama nikachora mistari, majina yasipinde.
Langu lilikuwa la kumi na nne.

Siku ya tatu Komora akapanda boti ya Mokowe.
Punda alibaki; alinunuliwa kwa bei ya kutupa
na mwenye sahihi ya pili.
Mkufu haukuonekana. Msiningoje niwaambie ulikuwa wapi.

Kwa Mwanamkuu hakuna aliyevunja kitu.
Mji wetu haupigi mawe. Mji wetu husahau sahani.
Ramadhani ikaingia, na kila magharibi sahani zikavuka vichochoro
chini ya kawa, kaimati, tambi, mkate wa sinia,
zikapita mlangoni pake kana kwamba mlango ni ukuta.
Ile aliyotuletea yeye, mama aliiosha,
akaipandisha juu ya kabati.
Miaka kumi na moja. Sahani ya maua ya buluu.

Kofia zake zikawa zauzwa Malindi,
kwa vichwa visivyojua.

Sasa nasomesha mimi. Kitabu kilekile,
swali lilelile, na watoto wajadili vizuri mno.
Jana mmoja ameandika: Jamii yapaswa kumshukuru.
Kalamu nyekundu ilikaa hewani mpaka chai ikapoa.

Leo nimeiteremsha ile sahani.
Nimeipangusa. Sahani ya watu hairudi tupu, ndiyo ada,
na nimesimama jikoni nusu saa
sijui nitie nini.