Keekee ya Raili

Kila Jumapili saa tatu asubuhi simu hunikumbusha:
Kifaa hiki kimechelewa. Tafadhali mrudishie mwenyewe.
Mwenyewe ni Raili Kivelä, nyumba namba kumi na nne,
na Raili tulimzika Februari,
ardhi ya Tampere ikiwa ngumu hata mashine ilikwama mara mbili
kabla haijakubali kumpokea.

Niliiazima Januari, nitundike rafu moja tu.
Nilibonyeza Naomba, naye akabonyeza Chukua,
na kwa kuwa hakuyaamini mambo ya kubonyeza
akashuka mwenyewe kwa ngazi, na lifti ipo,
sanduku kalikumbatia kama mtu aliyebeba paka wa watu.
"Ukuta wenu ni zege," akasema. "Usiilazimishe. Iegemee."
Nilikuwa mlangoni na soksi moja,
namwombea aondoke, supu isije ikafurika.

Matundu manne. Dakika nane.
Kisha nikaisukuma nyuma ya mlango, nikasema kesho.
Kesho naye ni mwazimaji mbaya:
huchukua, harudishi.

Husemwa nguo ya kuazima haisitiri matako.
Sijui. Mazishini nilivaa koti jeusi la Hannele wa ghorofa ya pili,
likanisitiri mpaka magotini.
Viti vya kukunja vilikuwa vya Hannele pia,
birika kubwa la kahawa la nyumba namba tatu,
vikombe vya kila mlango, hakuna viwili vilivyofanana.
Pentti alileta mizani yake ya kupimia samaki.
Ameiweka mtandaoni miaka minne, hajaiomba mtu,
kila mwezi huipiga picha upya.
Hatukuwa na cha kupima. Tuliipokea, tukaiweka mezani.

Mpwa wake akaja kutoka Oulu na gari la kukodi.
Nikamwambia, nina keekee ya shangazi yako.
Akatazama mikono yake iliyojaa mapazia,
akasema, "Siku nyingine,"
na gari likapinda kwenye duka la dawa.

Basi ikabaki kwangu.
Deni bila mdai, amana bila aliyeiweka.
Niliipita kila nikienda kazini zamu ya usiku,
nikaitupia skafu, isinitazame.

Hadi Juni. Saa sita usiku, nje kweupe kama saa kumi,
kijana mmoja wa ghorofa ya sita, Iiro, akaandika:
Kuna mwenye keekee? Nataka kutundika pazia zito.
Mtoto haamini kwamba ni usiku.
Simu ikamjibu kabla ya binadamu yeyote:
Keekee, moja. Mmiliki, Raili. Hali, imeazimwa. Subiri.

Ikamwambia mtoto amsubiri marehemu.

Nikalivuta sanduku, nikalifungua mara ya kwanza tangu Januari.
Ndani ya kifuniko, kwa penseli, mwandiko wake wa kubanana:
Koskelo, 1987, jikoni.
Tyyne, 1991, karudisha na mkate wa iliki.
Pentti, 1994. Pentti, 2003. Pentti, 2003 tena!
Watu niliodhani hawajawahi kubisha hodi kwa mtu
wamepanga foleni mule, miaka zaidi ya thelathini,
na mwisho kabisa jina langu,
limekosewa herufi moja,
mbele yake pameachwa nafasi.

Nilipanda kwa ngazi.
Iiro alifungua na mtoto begani, macho mekundu wote wawili.
"Ukuta ni zege," nikamwambia. "Usiilazimishe. Iegemee."
Akauliza, "Nikimaliza nimrudishie nani?"
Nikapekua chini ya misumari,
nikampa penseli. Fupi, imetafunwa ncha.

Jumapili saa tatu simu imelia kama kawaida.
Rafu yangu, nimegundua leo, imeinama upande wa dirisha.
Nitaiomba tena.