Skrubu Iliyobaki

Mjini Brno, mtaa wa Židenice, ghorofa ya tatu,
meza ya jikoni ilikuwa na zamu mbili:
mchana mama aliikatia vitambaa,
usiku baba aliiundia kompyuta.
Mkasi ukipanda kabatini, bisibisi inashuka.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kushika tochi
na kunyamaza.
Baba, Otakar, fundi wa tramu,
aligusa kwanza bomba la kupashia nyumba joto
ili umeme wa mwilini umtoke,
taratibu, kama mtu anayetawadha,
kisha akakitoa kichakataji kwenye pakiti yake,
miezi minne ya zamu za usiku
juu ya ncha ya kidole.
"Usikohoe," akaniambia.
Sikukohoa. Hadi leo nikiona kitu kidogo cha thamani
kifua kinaniwasha.

Na kila mara ilibaki skrubu moja.
Kila mara, naapa. Mashine imefungwa,
taa inawaka, feni inavuma kama nyuki mzingani,
na skrubu moja ipo mezani, haina kwao.
Baba aliitia kwenye kopo la vifungo la mama.
Mama hakusema kitu, ila mwaka huohuo
koti la jirani yetu Bi Vlasta
lilitoka na kifungo cha chuma.

Krismasi moja kaka yangu Slavomir akaja
na kasha jeupe kwapani.
Ya kununua. Ukiichomeka, inakusalimu kwa jina.
Baba akaizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani,
akatafuta skrubu nyuma, akatafuta chini,
akapitisha ukucha ubavuni.
"Wameifunga kwa gundi," akasema.
"Kitu usichoweza kukifungua si chako.
Wewe humo ni mpangaji tu."
Slavomir akacheka. "Na hiyo yako, umeijenga wewe?
Bodi ya Taiwani, feni ya China, diski sijui ya wapi.
Wewe umeandaa vyombo mezani, baba.
Chakula kapika mwingine."

Supu ya samaki ikapoa.

Ndipo mama akainuka, akaenda koridoni,
akarudi amevaa koti.
La kijivu. La dukani. Lebo ingali inaning'inia mkononi.
Mama, aliyetushonea sote tangu enzi za nepi!
"Nimeshona makoti mia nne na kitu," akasema.
"Najua kila mahali mshono unapodanganya.
Hili linadanganya begani na mfukoni.
Nimelinunua kwa sababu nilitaka, mara moja tu,
joto ambalo halikunichoma kidole."

Baba hakujibu. Alimweka sawa kola.

Siku hizi mikono ya baba inatetemeka.
Skrubu inamponyoka, inabingirika chini ya jiko,
nasi tunatambaa wawili, tochi kwangu kama zamani,
yeye akitukana kwa sauti ya chini,
mimi nikijifanya sioni anachokitukana.
Juzi akasema, akiangalia dirisha badala yangu:
"Ninunulie ile iliyo tayari."

Nikamnunulia. Nyembamba kama trei ya chai.
Akaiwasha, akainama, akaiwekea sikio.
"Haipumui."
"Haina feni, baba. Ndivyo zilivyo sasa."
"Haina feni," akarudia,
kama anayejifunza jina la mgeni.

Alipolala nililishusha lile kopo.
Skrubu kumi na saba. Nilizihesabu mara mbili.
Moja nikaiweka juu ya mashine mpya,
katikati ya mfuniko usio na tundu hata moja.

Asubuhi niliikuta palepale.
Ameizungushia duara kwa penseli.