Kiberiti

Mama, lile donge ulilolibandua unyayoni mwa Kadzo
kwa mafuta ya taa na gunzi la hindi,
ukalifungia katika kopo la siagi, ukaandika juu
MSILE,
lilifika salama. Nimelirudisha Ngomeni
likiwa pungufu ya punje moja ya mtama.

Punje hiyo niliipaka kwenye utepe, nyembamba,
nikaiingiza katika chumba kisicho na kitu ila heliamu,
kwa sababu eksirei za kupimia kiberiti ni goigoi;
hewa tu huzimeza njiani,
kama hawala za Baba zilivyomezwa posta.

Kiberiti, nasema, lakini si cha kuwashia jiko.
Kiberiti upele: ule unga wa manjano
uliokoroga na mafuta ya nazi ukatupaka, sote sita,
tukanuka mayai viza
hata Mwalimu Jefwa akatuketisha dirishani.
Ndicho hicho. Kimo ndani ya lami,
hakionekani, hakikwaruziki.
Ni kiasi gani, wengi wanaweza kupima.
Mimi nilitaka kujua kimeshikana na nani.

Tukaipandisha nguvu ya mwanga kidogo kidogo,
vile Mjomba Thoya alivyozungusha redio
akiitafuta taarifa ya habari ndani ya mikwaruzo:
elfu mbili mia nne na sabini,
sabini na moja,
sabini na mbili,
mara kiberiti kikaanza kuunywa mwanga
na mchoro ukapanda kilima.

Kilichofungwa katika pete na kaboni nne
hunywa mapema.
Kilichovishwa oksijeni hudai zaidi kwanza,
kama mkwe aliyeona gari limeegeshwa nje.

Ukapitisha kidole juu ya karatasi,
kidole kilichopasuliwa na chumvi ya Gongoni.
"Hiki kirefu ndiyo meli?"
Hapana. Hizo ni pete. Ni mafuta mazito,
yaliyopikwa chini ya ardhi kabla ya kalenda.
"Na hiki kifupi ndiye mwenye meli?"
Hapana, Mama. Hicho kimo kwenye ganda tu, kiini hakina.
Jua na hewa vimelitafuna donge kwa nje
wiki nyingi kabla mtoto hajalikanyaga.
"Basi umesoma miaka tisa
uje kuniambia lami imekaa juani."

Sikuwa na jibu. Nikamkumbuka Mjomba,
alivyokuwa akimenya viazi kwenye jukwaa la Waitalia
mchana ule wa Jamhuri, mwaka wa sabini,
roketi ilipopasua mawingu na chombo walichokiita Uhuru.
Alirudi nyumbani na ganda la kiazi begani, akasema:
wametuma jicho likazitazame nyota kwa eksirei.
Watu wakacheka. Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza,
"Likishaziona, litatuambia ni za nani?"

Basi nikageuza karatasi, nikaandika nyuma
hilo moja ninaloweza kuliapia.
Chifu alisema uchafu huu ni dizeli ya boti zenu,
mnajipaka wenyewe kisha mnalia.
Dizeli ni nyepesi, imeshachujwa,
haibebi mlima wa pete kama huu.
Mchoro haujui ni nani, Mama.
Unajua kwamba si ninyi.

Ulinyamaza. Nje, lori la chumvi likapita
likitikisa vikombe.
Kisha ukaniambia niyaandike upya,
kwa herufi kubwa, bila elektroni,
Jumatano kuna baraza.

Kadzo alikuwa amelala mkekani, miguu nje ya shuka.
Kwenye kisigino cha kushoto bado kuna doa,
dogo, jeusi, mafuta ya taa yameshindwa kulitoa.
Nililigusa. Linanata.