Ufunguo wa Lango la Tatu

Kwetu Frisia nyumba ziko chini kuliko bahari,
na kondoo hulisha juu ya vichwa vyetu,
kwenye tuta, kwato zikishindilia udongo.
Hiyo ni ajira. Wamo katika orodha ya Baraza la Maji,
mstari mmoja juu ya mafundi wa pampu.

Siku ya kwanza nilipewa buti, kurunzi,
na daftari la Wytze Hoekema, aliyekufa kabla sijazaliwa.
Nilitarajia sheria.
Nikakuta aibu.

"Lango la tatu limefungwa kwa kuchelewa saa mbili.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu,
nami nilikuwa harusini, nacheza.
Maji yameingia kwa akina Terpstra. Ng'ombe kumi na mmoja.
Nilikuwa nacheza."

Mara ya pili kalamu imetoboa karatasi.

Chini yake, mwandiko mwingine, wa mwenyekiti Baukje,
herufi zimesimama wima kama vigingi:
"Asifukuzwe. Tukimfukuza tutabaki na ufunguo uleule,
ila mfuko mwingine.
Zichongwe funguo saba."

Mmoja akapewa kasisi.
Mmoja mwoka mikate, kwa kuwa huamka kabla ya kila mtu.
Wa saba akapelekewa mama Terpstra mwenyewe,
akaupokea mlangoni, hakusema ahsante.

Nilisoma hadi mafuta ya taa ya chakula changu yakagandia sahani.
"Pampu ilikwama, tukamlaumu aliyetuuzia miezi mitatu. Kumbe nyasi. Kosa letu."
"Ramani ya mfereji wa kusini ni ya uongo. Tusiirithishe."
"Kutu ya lango la tatu hudanganya: zungusha kushoto kwanza."
Ukurasa mmoja una doa la supu, basi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta; hilo walilijua.
Wao waliziba, kisha wakaandika
nani aliuona,
na nani aliupita akidhani si wake.

Juzi usiku upepo ulitoka kaskazini-magharibi
ukiwa na bahari mgongoni.
Nikazungusha kulia.
Nilikuwa nimesoma, nilikuwa hata nimepigia mstari,
na bado mkono ukaenda kulia, chuma kikagoma,
maji yakanifika magotini.

"Kushoto," sauti ikasema.
Msichana, koti juu ya nguo ya kulalia,
ufunguo wenye kutu ukining'inia shingoni kwa uzi wa sufi.
Jelske Terpstra. Daftari hajawahi kuliona.
"Bibi alisema: kushoto kwanza, halafu uwe na subira."

Lango likashuka likilia kama mlango wa ghala.

Leo asubuhi nimeandika, vidole bado vimevimba:
"Nimezungusha kulia. Niliogopa.
Kusoma peke yake hakutoshi; tufanye mazoezi gizani,
kila vuli, na watoto wawepo."

Nimetia sahihi.
Nimeacha nafasi chini
kwa mwandiko mwingine.